Mazoezi ya tumbo kila siku? Hapana

Kaka, unaniandikia kwamba umepiga sitapu (kulala chali na kuinua kifua) 200 kila asubuhi kwa miezi mitatu na kitambi bado kipo palepale? Sishangai. Misuli ya tumbo ni misuli kama ya paja: inachoka, na hujijenga ukipumzika. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha, ukiruka siku moja katikati. Piga seti (mizunguko) 3 za sitapu 12 hadi 15, polepole, bila kuvuta shingo kwa mikono. Zikiwa rahisi, shika uzito kifuani badala ya kuongeza idadi.

Ila kitambi ni mafuta, na sitapu haziyeyushi mafuta ya hapo tumboni peke yake. Hizo chapati nne na soda ulizotaja, kila usiku jamani! Anzia hapo. Mgongo ukiuma, simamisha kwanza.