Tuzo ya uandishi kwa wanafunzi wa Kiingereza chuoni: sisi Iringa tuliangukia pua mara mbili

Kwa kifupi mleta uzi anasema hivi: yuko mwaka wa pili, anasoma Kiingereza kwenye chuo kimoja cha Mbeya, na wenzake wanataka kuanzisha usiku wa fasihi pamoja na tuzo ya uandishi kwa wanafunzi wa idara. Hela hawana. Mkuu wa idara kawaambia "leteni andiko nilione". Anauliza waanzie wapi, na waliotangulia kujibu karibu wote wamemwambia atafute mdhamini.

Mkuu, mdhamini mwache kwanza. Tafuta majaji.

Haya yamenikuta. Nilisoma ualimu Iringa, Kiingereza na Kiswahili, 2020 hadi 2023, na miaka yote mitatu nilikuwa katibu wa klabu ya fasihi. Chuo sikitaji. Tulifanya tuzo mara tatu: ya kwanza ikawa aibu, ya pili ikawa ugomvi, ya tatu ndiyo nakushauri uiige.

Ya kwanza, Juni 2021, tuliandaa harusi tukadhani tumeandaa tuzo. Bango, meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki, spika mbili za kukodi, MC mwenye tai. Duka moja la vifaa vya ofisi lilituahidi laki tatu za zawadi, tukalitangaza kwenye bango kwa herufi kubwa kuliko jina la klabu. Siku ya siku simu haipokelewi. Mgeni rasmi wa saa nane akafika saa kumi na moja jioni, na aliyewahi kukaa Iringa mwezi wa sita anajua ukumbi wenye madirisha mabovu unakuwaje saa hizo. Watu walijifunika mashuka ya bwenini. Nusu wakaondoka kuwahi chakula. Risala tukavisomea viti.

Hiyo bado si aibu yenyewe. Aibu ni kwamba mshindi wa kwanza alikuwa amedesa. Hadithi inasomwa jukwaani, Kiingereza kinateleza, ndani yake theluji inaanguka juu ya makaburi. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekaa nyuma yangu akaandika sentensi moja kwenye simu, Google ikamletea hadithi nzima, ya mtu wa Marekani, iko mtandaoni miaka. Akanigusa bega akanipa simu, hakusema neno. Nikatazama jukwaani: bahasha ya elfu hamsini, tuliyochangishana baada ya mdhamini kuyeyuka, imeshakabidhiwa na picha imeshapigwa. Sikuwa na moyo wa kusimama. Kesho yake tulimkalisha kwenye vimbweta akarudisha elfu thelathini, nyingine ilishaliwa chipsi. Cheti anacho mpaka leo.

Nilikuja kujiuliza baadaye: majaji watatu, wote walimu wa idara, wanasomaje hadithi ya theluji kutoka kwa kijana wa Mufindi bila kushtuka? Jibu ni kwamba hawakuisoma, waliisahihisha. Walishika kalamu nyekundu wakatafuta makosa, wasipoyaona wakatoa alama za juu. Sasa fikiria, mtu aliyeiba kazi ya mzawa wa lugha atakuwa na makosa gani? Idara zetu za Kiingereza zina ugonjwa huu, nasema kwa upendo, maana na mimi sasa nafundisha Kiingereza sekondari na ninajikuta naufanya.

Mwaka uliofuata tukarekebisha. Majina tukayatoa, kila kazi ikapewa namba, na orodha ya namba na majina akakaa nayo CR (kiongozi wa darasa) mmoja wa idara nyingine kabisa. Tukamwomba mzee mmoja mstaafu, aliyefundisha fasihi sekondari miaka mingi, awe jaji wa tatu. Mimi niliingia kikaoni kama katibu, kazi yangu kuandika na kumimina chai.

Ilipofika kazi namba 17 ndipo moto ukawaka. Ilikuwa hadithi ya kurasa nne, kwa Kiingereza, ya msichana na bibi yake wakingoja gari la mbao alfajiri. Mwandishi kaandika kwamba baridi iliingia ndani bila kupiga hodi, na hilo neno "hodi" kaliacha vilevile katikati ya Kiingereza. Jaji mmoja, madam wetu wa sarufi, alikuwa kalizungushia duara jekundu na kuandika pembeni kwamba hakuna neno kama hilo. Mzee akachukua karatasi, akavaa miwani, akasoma sentensi ile kwa sauti mara mbili. Kisha akamwambia, "Mwanangu, itoe hodi hapo, halafu nionyeshe kilichobaki." Madam akajibu kwamba sisi ni idara ya Kiingereza, tukiruhusu hodi kesho tutaruhusu kila kitu. Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakapiga kura, namba 17 ikawa ya tatu. Orodha ilipofunguliwa tukakuta ni binti wa Makete, mkimya, ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono.

Ugomvi ukahamia nje. Waliokosa wakasema mzee kapendelea "Kiswahili Kiingereza", na walioandika kwa Kiswahili kitupu (walikuwa watano, tuliwakataa mlangoni) wakauliza kwa nini. Hapo ukae na wenzako mapema, mkuu, kwa sababu swali hilo litakuja. Mimi ningewapokea. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, pamoja na Uingereza yake yote, inapokea hadithi za Kiswahili. Idara moja ya Nyanda za Juu Kusini ikatae kwa lipi?

Katikati ya hayo, Oktoba 2021, mwandishi Abdulrazak Gurnah alikuwa ameshinda Nobel ya Fasihi, mzaliwa wa Zanzibar, na klabu nzima ya fasihi hakuna aliyekuwa amemsoma hata ukurasa. Tulikuwa tunaulizana "huyu ni nani" kama watu wengine mtaani. Iliniuma. Mwaka 2022 riwaya yake ya 1994, Paradise, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Rafiki yangu akaja nayo kutoka Dar. Ndipo tukapata wazo lililofanya mwaka wa tatu uende: jioni ya kusoma ukurasa mmoja kwa lugha mbili. Mtu anasoma Kiingereza, anakaa. Mwenzake anasoma ukurasa uleule kwa Kiswahili. Halafu watu wanabishana kipi kimepotea na kipi kimeongezeka. Hakuna slaidi, hakuna mada, dakika arobaini basi. Mara ya kwanza walikuja kumi na moja. Mara ya nne mama wa kantini alikuwa amefunga mapema akaja kukaa mlangoni, na ndiye aliyemsahihisha msomaji neno la Kiswahili. Anza na hiki kabla ya tuzo. Hakigharimu kitu, na kinakutengenezea watu watakaosikiliza siku ya tuzo ikifika.

Sasa ya 2023. Tuliweka masharti machache tu. Kwanza, hakuna kuleta kazi kutoka nyumbani. Jumamosi asubuhi mnaingia chumbani, simu zinakaa kwenye boksi, mnapewa kitu kimoja cha kutungia hadithi, na mnaandika kwa kalamu saa mbili na nusu. Mwaka ule kitu chenyewe kilikuwa ufunguo wa kufuli, niliuweka mezani. Wenzangu walisema ni kama mtihani, lakini kwa zama hizi za akili mnemba sioni njia nyingine ya kulala usingizi. Baadaye mnapewa wiki moja kuboresha, na jaji anapata vyote viwili, cha mkono na kilichopigwa chapa. Ukiona cha pili kimekuwa na theluji, utajua.

Pili, na hapa ndipo ningeweka nguvu zote kama ningekuwa wewe: kila aliyeshiriki, kashinda au hakushinda, anarudishiwa kazi yake na nusu ukurasa wa maoni ya jaji. Si alama. Tulitengeneza fomu yenye maswali matatu: ni sentensi gani imebaki kichwani mwako, ni wapi ulichoka, na ungependa kujua nini zaidi. Jaji haruhusiwi kuandika juu ya sarufi mpaka ajibu yote matatu. Madam wa sarufi alilalamika, kisha akajaza fomu nyingi kuliko wote. Tulikuwa na washiriki 26. Sijawahi kuona wanafunzi wa chuo wakisoma karatasi kimya namna ile, hata matokeo ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, hayasomwi hivyo. Binti wa Makete hakushinda tena, lakini aliikunja fomu yake akaiweka ndani ya kava la simu.

Tatu, tulichapisha. Usiogope neno hilo: fotokopi, stepla, kurasa 32, nakala 60. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, hadithi zake za mwanzo zilitoka kwenye Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza pale Makerere, akiwa bado mwanafunzi. UDSM nao walikuwa na Darlite yao miaka ya 1960. Kwenye andiko la mkuu wa idara taja haya, wakubwa wanapenda kusikia kwamba jambo lina ukoo.

Hela: kila mwanachama alitoa elfu mbili wiki ya boom (hela ya kujikimu ya mkopo), usingoje wiki ya pili, haitakuwepo. Zawadi zilikuwa vitabu. Tarehe iwe mbali na test na kabla hawajaondoka kwenda kufundisha kwa vitendo. Na iwe mchana, nyie wa Mbeya baridi mnaijua.

Umeuliza pia tuzo za nje. Ile ya Jumuiya ya Madola haina ada, inataka hadithi ambayo haijachapishwa, maneno 2,000 hadi 5,000, mwandishi awe na miaka 18 au zaidi. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500 na wa jumla 5,000. Caine, tuzo ya hadithi fupi za Waafrika iliyoanza 2000, ina pauni 10,000 lakini hadithi lazima iwe imeshachapishwa, kwa hiyo hiyo iache kwa sasa. Anayeandika Kiswahili aangalie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyotolewa mara ya kwanza 13 Aprili 2023, na ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo zawadi zake jumla ni dola 15,000.

Mgeni rasmi? Mwaka wa tatu hatukualika mkubwa yeyote. Zawadi alitoa mhudumu wa maktaba, mzee wa Kihesa, palepale Iringa, aliyekuwa akituachia chumba mpaka saa tatu usiku bila kibali. Tulimwandalia hotuba ya ukurasa mmoja. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akasema "Kamwene," salamu ya Kihehe, ukumbi mzima ukaitika, akaanza kugawa vitabu.