Kinga Iko Kwenye Ngozi: Ninayowaambia Wazazi Wenzangu wa Kisumu

Namlea mtoto wa marehemu dada yangu hapa Kisumu, kijana mwenye ualbino, na kwa sababu hiyo nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki ya ngozi. Wazazi wenye watoto kama wangu wakinipigia simu, swali la kwanza huwa losheni ya kukinga jua: ipi nzuri, bei gani, inapatikana wapi. Nitalijibu. Ila kuna jambo ambalo natamani waanze nalo. Ndani ya ngozi ya mtoto wako kuna seli za kinga zinazoiwinda saratani usiku na mchana, na mengi tunayoyafanya nyumbani ama yanazisaidia ama yanazilemaza. Mimi nilipolielewa hilo kutoka kwa daktari wetu, masharti yote aliyokuwa ananipa yalianza kuniingia akilini.

Wengi tunaamini kinga iko kwenye damu. Iko, ndiyo, lakini ngozi ya mtu mzima inakadiriwa kubeba seli za kinga ziitwazo seli T bilioni 20 hivi, karibu mara mbili ya zile zilizo kwenye damu. Katika tabaka la juu kabisa ziko nyingine zinazoitwa seli za Langerhans. Paul Langerhans alizigundua mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, na kwa jinsi zilivyo na matawi marefu alidhani ni seli za neva. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla kazi ya seli hizo haijaeleweka. Matawi hayo hupenya katikati ya seli za ngozi yakipapasa. Seli fulani ikiharibika na kuanza kutoa protini zisizo za kawaida, seli ya Langerhans huchukua kipande, huondoka kwenye ngozi, hufuata mishipa ya limfu hadi kwenye tezi za shingoni, kwapani au kinena, na huko huzionyesha seli T kile kipande. Zinazokitambua huzaliana kwa wingi, hurudi kwenye ngozi na kuziua seli zenye alama ile. Nyingine huamua kukaa hapo hapo kwenye ngozi kwa miaka. Mwishoni mwa 2018 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwa panya kwamba hizi seli T wakaazi zinaweza kuibana melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, isikue kwa muda mrefu, ingawa haikwisha yote. Zilipoondolewa, uvimbe ukaota.

Lakini hatuhitaji kwenda Melbourne kutafuta ushahidi. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimebeba mzigo mzito wa VVU kuliko kaunti nyingi za nchi hii, na watu wa rika langu wanayakumbuka yale madoa meusi yenye rangi ya zambarau yaliyotokea miguuni na hata kwenye kaakaa la mdomo. Ile ilikuwa sakoma ya Kaposi, aina ya saratani. Huletwa na kirusi kinachoitwa HHV-8, kilichogunduliwa mwaka 1994, ambacho watu wengi huishi nacho bila shida kwa sababu kinga inakidhibiti. Kinga ikiporomoka, madoa yanatoka. ARV zilipofika, wagonjwa wengi waliona madoa yakififia kadiri kinga ilivyorudi, wengine kwa ARV peke yake, wengine kwa kuongezewa dawa za saratani. Watu waliopandikizwa figo nao, kwa kuwa lazima wanywe dawa za kuituliza kinga, hupata saratani ya ngozi mara nyingi zaidi ya watu wengine. Kinga ya ngozi ikiondoka, saratani inapata nafasi.

Sasa jua. Sote tunajua linachoma na kuharibu vinasaba vya seli. Lisilosemwa sana ni kwamba miale hiyo hiyo ya urujuanimno huziondoa seli za Langerhans kwenye tabaka la juu kwa muda, na huufanya mwili utengeneze seli za kuituliza kinga badala ya kuiamsha. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Margaret Kripke, alichukua uvimbe wa saratani ya ngozi ulioletwa na miale hiyo akaupandikiza kwa panya wa kawaida. Miili yao iliukataa. Alipoupandikiza kwa panya waliokuwa wamemulikwa miale kwanza, uliota na kukua.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana hapa halina likizo. Katika ualbino wa kawaida tunaouona huku kwetu, seli za kinga za mtoto hazina kasoro yoyote. Anachokosa ni melanini ya kuikinga ngozi. Kwa hiyo kila akisimama paredi bila kofia, seli zake zinaharibiwa wakati ule ule ambapo zile za kuziona zimepunguzwa.

Ndiyo maana kwangu nguo hutangulia losheni. Jumapili pale Kibuye nachagua shati la mikono mirefu kwenye mitumba, naliinua juani huku mkono wangu ukiwa ndani. Nikiviona vidole vyangu, narudisha. Kofia iwe na ukingo mpana unaozunguka hadi nyuma, kwa sababu kapelo inaacha masikio na shingo, na huko ndiko saratani hupenda kuanzia kwa watu wenye ualbino. Shule moja ilinikatalia kofia eti si sare. Nilipeleka barua ya daktari, nikaketi na mwalimu mkuu hadi tukaelewana, na nakushauri ufanye hivyo hivyo bila kuona haya.

Losheni basi: SPF, yaani kiwango cha kinga dhidi ya jua, iwe 30 au zaidi, ipakwe robo saa hivi kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili mtoto akiwa nje. Usiibane. Ukipaka kidogo kidogo ili chupa ifike mwisho wa mwezi, hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likitoa losheni bila malipo kwa watu wenye ualbino waliosajiliwa, kwa hiyo kama mtoto hajasajiliwa, anza hapo kabla hujaanza kukopa pesa za dukani. Na kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kivuli. Mpira upo wa saa kumi na moja.

Ukaguzi ndio ninaousisitiza kuliko vyote. Jumamosi asubuhi namkalisha karibu na dirisha: nyuma ya masikio, ncha ya pua, mdomo wa chini, shingo, mgongo wa mikono. Kwanza natumia macho. Halafu nayafumba na kupitisha ncha ya kidole, kwa sababu kidoa kinachoweza kugeuka saratani mara nyingi huguswa kabla hakijaonekana. Ngozi pale inakwaruza kama msasa. Siku moja aliniambia, "Mama, hapa pananiwasha," akashika ukingo wa sikio. Kwa macho niliona wekundu kidogo tu, lakini kidole kilipopita kilikwama. Daktari alipagandisha kwa naitrojeni, pakafanya gaga, gaga likaanguka lenyewe, ikabaki ngozi laini. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Mtu mzima niliyemkuta kwenye foleni siku hiyo alikuwa amekaa na kidonda cha sikio muda mrefu, na kwake ilibidi sikio likatwe.

Mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye ualbino yeye mwenyewe, alikuwa na madoa kama hayo mengi usoni hata kuyagandisha moja moja kusingefaa. Akaandikiwa krimu ya imikwimodi. Krimu hii huziamsha seli za kinga zilizo pale pale kwenye ngozi ili zifanye kazi yao. Baada ya siku kadhaa uso wake ukawa mwekundu, ukatoa magamba na majimaji, hata mahali alipodhani ni pazima pakawaka. Majirani wakamwambia dawa inamchoma, aitupe. Alinipigia simu akilia. Tulienda pamoja kwa daktari, naye akamwambia, "Mama, hizo ni seli zako zinafanya kazi. Hapo panapowaka pasipo na doa, doa lilikuwepo, ila hatukuliona." Akampumzisha siku chache kisha akaendelea. Leo uso wake uko safi. Nalisimulia hili kwa sababu wengi huacha dawa hiyo katikati kwa hofu. Mwulize daktari mapema ngozi itafanya nini, na usiinunue mwenyewe, maana si kila doa ni la krimu.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Zile krimu zisizo na lebo zinazouzwa vibandani, za kung'arisha uso na kuondoa chunusi kwa siku tatu, nyingi huwa zimetiwa steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Vipele hupotea haraka kwa sababu steroidi imezinyamazisha seli za kinga. Ukipaka kwa miezi, seli za Langerhans zinapungua na ngozi inakuwa nyembamba. Krimu hizo zikiwa na haidrokwinoni au zebaki, zinapunguza na melanini pia. Dada zangu, mnajivua kinga zote mbili kwa kopo moja, chini ya jua hili. Inayoniuma zaidi ni kuona mzazi akimpaka mtoto mwenye ualbino krimu kama hiyo kwa sababu uso umekuwa mwekundu. Uso umekuwa mwekundu kwa jua. Mtoe juani. Steroidi aliyoandika daktari kwa ajili ya ukurutu ni jambo jingine: itumie kwa siku alizosema, uache.

Wasio na ualbino msifunge ukurasa. Mjomba wangu ni mweusi tii. Ujanani aliungua mguu kwa jiko la mafuta ya taa, akabaki na kovu kubwa chini ya goti. Miaka mingi baadaye kovu likafunguka, likawa kidonda kisichopona, kingo zikainuka na kuwa ngumu, kikaanza kunuka. Kijijini wakasema amerogwa. Ilikuwa saratani, ya aina ambayo Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vyake mwaka 1828, inayoota juu ya makovu ya moto na vidonda sugu. Kwa watu weusi hii ni mojawapo ya njia kuu ambazo saratani ya ngozi huingilia. Wataalamu wengi wanaona sababu mojawapo ni kwamba kovu nene lina mishipa michache ya limfu, na kwa hiyo seli za kinga hazipiti humo kama zinavyopita kwenye ngozi nzima. Mjomba alikatwa sehemu ile kabla haijafika mfupani, wakaziba kwa ngozi ya paja. Anatembea. Kidonda kikipita wiki nne bila kupona, hasa kwenye kovu, usikubali kufungwa bandeji na kurudishwa nyumbani tena na tena. Sema: naomba kikatwe kinyama kipelekwe maabara.

Tazameni pia nyayo, viganja na kucha. Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, na wengi waliambiwa ni jeraha la mpira. Kwa mtu mweusi melanoma hupenda huko. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwetu. Wa kutia shaka ni mmoja ulio peke yake, unaopanuka, wenye rangi isiyo sawa, au uliovuka ukucha na kupaka ngozi ya pembeni. Ukiosha miguu jioni, geuza unyayo utazame.

Kuna habari njema ambayo watu wengi wameisikia nusu nusu. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuziachilia breki za seli T. Saratani hujua kuzibana breki hizo ili seli T zifike pale na zisifanye lolote. Dawa za kuziachilia zimewapa maisha watu wenye melanoma iliyokwisha kusambaa. Lakini bei yake familia nyingi za huku haziifikii, na melanoma ya nyayo huzisikia dawa hizo kwa udhaifu kuliko ile ya jua. Kwa hiyo mimi bado naweka nguvu zangu kwenye kidole na dirisha, na kwenye kisu kidogo cha mapema.

Ukishaamua kwenda, hakikisha usajili wako wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa, na zahanati ikishindwa omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi wetu tunaiita Russia. Kinyama kikikatwa, uliza majibu yatatoka lini, uyachukue kwa maandishi, na ubaki na nakala, kwa sababu faili hupotea na daktari hubadilika. Ukiwa bado chumbani, mwombe aguse tezi za upande wa kidonda: kinena kama ni mguu, kwapa kama ni mkono, shingo kama ni sikio au uso. Seli zilizobeba habari za ngozi huishia huko, na saratani ikitoroka mara nyingi hupitia njia hiyo hiyo. Akikuta tezi imevimba, iandikwe kwenye faili siku hiyo hiyo.