Usisaini fedha ambayo hujaihesabu

Mdogo wangu mmoja wa mtaani kwetu Makorora ameitwa kwenye usaili wa mgahawa wenye matawi, akanijia jioni kuniuliza kazi ile ikoje. Mimi nimeifanya miaka mitatu, hapa hapa Tanga mjini: kuku wa kukaanga, baga, piza, juisi, makao makuu Dar. Tulikaa barazani mpaka mbu wakatufukuza. Niliyomwambia nayaandika hapa, maana najua hakuitwa peke yake.

Nianze na salamu, kwa sababu hapo ndipo nilipochemsha siku ya kwanza. Mafunzo yetu yalikuja na karatasi kutoka Dar: mteja akikaa, ndani ya dakika moja uwe umefika mezani, utaje ofa ya siku, uchukue oda. Akaingia mzee mmoja na kanzu yake, katoka kuswali Alasiri. Nikamwendea mbio: "Karibu, leo tuna ofa ya kuku vipande vitatu na chipsi." Akanitazama. "Mwanangu, hata salamu? Njaa nimekuja nayo mwenyewe, haitonikimbia." Meza ya pili wakaangua kicheko. Tangu hapo ikawa shikamoo kwanza, wazima nyumbani, ndipo kuku afuate. Supavaiza alininunia, jicho kwenye saa, lakini mzee yule alirudi karibu kila Ijumaa na akawa hataki kuhudumiwa na mwingine.

Kama unakwenda ili ujifunze kupika, usiende. Jikoni kwetu alikuwepo mama mmoja wa Pangani ambaye samaki wake wa kupaka ungekula mpaka ukatafuna mwiba. Kazini alikuwa akifungua boksi la kuku aliyekwisha kutiwa viungo huko huko, anamtumbukiza kwenye mafuta, anasubiri mashine ilie. "Mimi sasa mlinzi wa king'ora," alikuwa akisema. Utakachojifunza ni kingine: ubao wa nyama mbichi usikutane na wa kachumbari, kila kopo la kwenye friji liandikwe tarehe, lililotangulia kuingia litangulie kutoka, na oda za meza nne zikae kichwani bila kuchanganyika. Leo nauza chai na vitafunwa vyangu mwenyewe Ngamiani, na hayo ndiyo yaliyonifaa.

Sasa shoti, yaani fedha kupungua kwenye hesabu yako ya mwisho wa zamu. Wateja wakali utawazoea, miguu kuvimba utaizoea. Shoti huizoei.

Ukiingia zamu unakabidhiwa chenji ya kuanzia, unasaini. Ukitoka, mauzo ya kwenye mashine yalingane na fedha taslimu pamoja na malipo ya simu. Zikipungua, zako. Zikizidi, za kampuni. Anayekukabidhi siku zote ana haraka, bodaboda inamsubiri nje, anakwambia "ziko sawa, we saini tu". Usisaini. Fika robo saa kabla, hesabu mpaka sarafu, mbele yake. Atakuona una gubu. Acha akuone.

Yangu ilinipata Idi pili, mwaka wa pili kazini. Watu wamejaa, watoto na nguo mpya, umeme ukakatika na jenereta likakohoa dakika ishirini nzima. Bili tukaziandika kwa mkono, kwa tochi za simu. Kijana mmoja na wenzake sita wakala wakashiba, akanionyesha ujumbe kwenye simu yake: shilingi 46,000 zimetumwa kwenye namba yetu ya malipo. Nikamwamini. Kavaa vizuri, ananukia udi, ningemdhania nini? Usiku kwenye kufunga hesabu, simu ya kaunta haina hiyo 46,000 wala harufu yake.

Basi shika hili: ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni ule ulioingia kwenye simu ya kaunta, na namba ya muamala uiandike nyuma ya bili. Mteja akinuna, mwambie mtandao unasumbua, mletee maji, asubiri.

Asubuhi yake nikaambiwa, kwa mdomo tu, zote zitakatwa mwisho wa mwezi. Shemeji yangu wa bandarini ndiye aliyenikalisha kitako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata hasara ovyo: liwe kosa lako kweli, akuandikie sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, akupe nafasi ya kujitetea, wewe ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mshahara wangu ulikuwa 160,000, robo yake 40,000. Nikarudi kwa meneja na barua ya adabu. Sitadanganya kwamba nilishinda, maana uzembe ulikuwa wangu. Ila zilikatwa kwa miezi miwili, kwa karatasi, na tangu siku ile hakuna aliyenitajia makato akiwa amesimama mlangoni.

Nikanunua daftari dogo. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, chenji niliyopokea, nani kanikabidhi. Daftari hilo ndilo lililoniokoa Ramadhani iliyofuata. Mchana wa Ramadhani Tanga mgahawa ni viti na nzi, halafu karibu na magharibi mji mzima unataka futari kwa mpigo, na zamu zinavutwa mpaka usiku mwingi. Saa za kawaida kisheria hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na sikukuu ya kitaifa kama Idi mara mbili. Mhasibu wa Dar hakuwa na habari na saa zangu za ziada mpaka nilipompigia picha kurasa za daftari.

Bakshishi usiiweke kwenye bajeti. Wenyeji wanakuachia dua, na dua ni njema, ila mwenye nyumba haipokei. Waliokuwa wakiacha noti ni wageni wa kazi, hasa wa mradi wa bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, hapa kwetu Tanga. Chochote kinachoingia, uliza mapema kama kinagawanywa na jikoni. Sisi tuligombana miezi mitatu kwa hilo, na kusema kweli wa jikoni walikuwa na haki.

Na siku ya usaili, wakikuuliza kama una swali, uliza mnafunga saa ngapi na nani anakurudisha nyumbani. Kuanzia saa mbili usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya malipo ya saa, lakini hiyo haikufikishi Makorora. Mimi sikuuliza. Mshahara wa kwanza ukaishia kwa bodaboda, wa pili nikanunua baiskeli ya mtumba.