Boti kuukuu ya Jumapili

SWALI: Kaka, hapa Mwanza nimepata boti ya mbao, bei nafuu, ila imekaa nchi kavu miezi. Nataka ya matembezi tu na wanangu. Ninunue?

JIBU: Ndugu yangu, usitazame rangi, huficha mengi. Choma kwa kisu mbao za karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti chini. Kikizama kama kwenye papai, ondoka. Kuvuja kusikutishe: mbao zikikauka husinyaa, zikilowa hujaa. Yangu niliikalafati, yaani niliziba nyufa zake kwa pamba, nikaiacha kwenye maji mafupi siku tatu. Siku ya nne ilikuwa inadondosha tu. Injini iache kwanza. Makasia yanatosha kufika Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapo Mwanza, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Kopo la kuchotea maji lifunge kamba (langu la kwanza lilielea likaenda zake). Kwenye jaketi okozi za watoto ndipo usibane pesa.