Mchoro si bikoni: kwa mnaoanza kazi ya ardhi Dodoma

Wadogo zangu mnaoripoti kazini, neno litakalowasumbua mapema ni "kimepimwa". Mwananchi atafika kaunta akisema kiwanja chake cha Nala kimepimwa, kumbe alichoshika ni nakala ya mchoro wa mipangomiji. Mchoro unapanga tu: hapa makazi, hapa barabara, hapa shule. Kupima ni kazi ya mpima ardhi, anayesimika bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye kona. Ramani yake ikiidhinishwa ndipo kiwanja kinatambulika kwa namba na kitalu. Na hata hapo, bila hati mtu hajamilikishwa.

Kwa hiyo usiitikie kwa kuutazama mchoro. Omba namba ya kiwanja na kitalu, angalia ramani iliyosajiliwa, kisha mweleze amefikia hatua ipi. Kuna mama alilipia kipande kilichopakwa kijani. Rangi aliiona, ila aliyemuuzia hakumwambia kuwa kijani ni eneo la wazi. Inaniuma mpaka leo, maana sentensi moja ingetosha.

Hati nayo ielezeni vizuri. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na hati humpa mtu haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Hapa Dodoma wazee wengi wanazo karatasi za CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, zinazotoa haki ya miaka 33. Baada ya hapo ikaja miaka 99. Mzee akija na karatasi hiyo, mketishe, isome yote, umweleze utaratibu wa kuibadili. Usimrudishe nyumbani eti ni ya zamani.

Urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, ni jambo jingine kabisa, na ndiko mtajifunza zaidi. Watu wameshajenga, mnakwenda kukubaliana nao barabara ipite wapi na nani amege ukuta wake. Tembeeni na mjumbe na majirani wote wawili wa kila mpaka, wakubaliane papo hapo kabla ya kuandika chochote. Na tafadhali, msiwaite "wavamizi" mbele ya nyumba walizojenga kwa jasho lao. Wengi walinunua kwa mashahidi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kodi ya pango la ardhi si kodi ya majengo. Ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Ya pango mwenye hati anailipia mwenyewe kila mwaka, na wengi wanadhani LUKU imeshamaliza yote mawili.