Sioni: nichukue simu ipi?

SWALI: Mimi ni asiyeona. Simu yangu ya Android ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2, na TalkBack, programu inayonisomea kioo kwa sauti, imekuwa nzito: nagusa kioo, sauti inakuja baadaye sana. Nimepata fedha za Android mpya ya bei ya kati au iPhone 8 iliyotumika. Wenzangu wanaisifu iPhone. Nichukue ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Chukua Android mpya. VoiceOver, programu ya iPhone inayosoma kioo, ni nzuri kweli, lakini iPhone 8 iliishia kwenye toleo la mfumo la iOS 16, na programu zitaendelea kuikataa moja baada ya nyingine.

Uzito unaousikia unatokana na RAM. TalkBack, sauti inayosoma na WhatsApp vyote vinagombea nafasi hiyo hiyo ndogo. Ndiyo maana hata menyu ya M-Pesa ya *150*00# inaweza kukukatikia: sauti inasuasua, muda unakwisha kabla hujaingiza namba. Tafuta GB 6 halisi. Muuzaji akikuambia "GB 4 kuongeza 4", zile nne za pili zimeazimwa kwenye hifadhi ya simu, nazo ni za polepole; hesabu 4 tu.

Usilipe kabla hujaijaribu kwa masikio yako. Bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3. TalkBack isipowaka, muuzaji aiwashe kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Telezesha kidole kulia haraka mara kumi hivi: sauti ifuate kidole bila kubaki nyuma. Kisha fungua meseji ya Kiswahili. Ikisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, si ubovu wa simu; pakua sauti ya Kiswahili ya Google ukiwa na intaneti, baada ya hapo itasoma hata bila bando.

Alama ya kidole iwe kwenye kitufe cha pembeni. Ile ya chini ya kioo haina ukingo wa kupapasa, utahangaika nayo kila siku. Tundu la hedifoni nalo ni muhimu, maana salio la M-Pesa halifai kusikika kwenye daladala.

Ukifika nyumbani, kwenye mipangilio ya betri iruhusu TalkBack ifanye kazi bila kizuizi. Baadhi ya simu huizima zenyewe ili kuokoa chaji, ukabaki na kioo bubu mkononi. Simu ya zamani usiifute wala kuigawa mpaka WhatsApp na laini viwe vinafanya kazi kwenye mpya.