Msimalize kisa kwa hodi

Wiki hii nimesoma skripti nne za vichekesho vya televisheni za vijana wetu hapa Mjini Zanzibar, na zote zinamalizwa na mtu anayebisha hodi ukurasa wa mwisho. Mjomba karudi Maskati na pesa. Sheha, mkuu wa mtaa, kaja kuamua. Wanangu, mnanitia uchungu, maana njia hiyo nimeshaipita.

1. Hodi ya mwisho. Kipindi changu cha tatu kilimhusu mume aliyeiweka rehani chereheni ya mkewe, na mke kashapokea kazi ya nguo za harusi. Uongo wa kwanza: chereheni iko kwa fundi. Wa pili: fundi kaenda Pemba. Nikafika ukurasa wa 18 sina pa kutokea, nikamleta sheha kaibeba chereheni.

Tulirikodi kwenye fleti Michenzani, feni imezimwa kwa ajili ya sauti. Bi mkubwa aliyecheza mke alipitisha kiganja juu ya meza tupu, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, mie hapa nafanya nini?" Nikapekua. Kurasa tatu nzima mwenye chereheni haamui lolote. Tukarikodi vivyo hivyo, kwani fleti tuliikodi siku moja. Kilipooneshwa, mama yangu alicheka mpaka sheha alipoingia, akainuka kwenda kutazama chungu chake jikoni. Hakurudi.

Na jibu lilikuwamo humo humo! Mke angempigia fundi simu, amsikie yuko Darajani, anyamaze, kisha amkabidhi mume sindano na uzi: nguo zishonwe kwa mkono, usiku huohuo. Uongo uliomwokoa ukurasa wa saba ungemnasa ukurasa wa 18.

2. Kisa kidogo, kile cha pembeni, kiguse kisa kikubwa kabla ya mwisho; kisipokigusa, kitoeni.

3. Hesabuni dakika. Kipindi cha nusu saa cha Wamarekani, ukitoa matangazo, hubaki kama dakika 22, ndiyo maana kila sehemu kabla ya tangazo huacha swali linaloning'inia. Ulizeni kituo chenu kwanza.

4. Mwishoni watu warudi walipokuwa: fleti ileile, ndoa ileile. Lakini mtazamaji amwone mume kavimba vidole.

Skripti zenu nimeziandikia pembeni kwa penseli. Njooni Jumamosi baada ya alasiri, na kila uongo wa kwanza muwe mmeupigia mstari.